Kundi la Timu Nililolifunga

Kazini kwangu Dar es Salaam mimi ni meneja wa teknolojia. Cheo kinasikika kikubwa, lakini maana yake ni kwamba kitu chochote kikizimika, napigiwa simu mimi. Mtu akisahau neno lake la siri, mimi. Mashine ya kuchapisha ikitafuna karatasi, mimi. Basi Ijumaa jioni nikishafika nyumbani Bagamoyo nilikuwa natamani kitu kimoja tu, nisipatikane. Niliipenda hali hiyo kama mtu anavyopenda kivuli. Leo nikiikumbuka naona haya.

Si kwamba nilikuwa nalala. Mke wangu alikuwa akisema ana wake wenza watatu, na hakuna hata mmoja anayemsaidia kupika. Mkubwa wao alikuwa mpira. Nilikuwa kocha wa timu ya mtaa wetu, timu ya watu wazima wenye kazi zao: madereva wa bajaji, wavuvi, ustadhi wa madrasa aliyecheza winga akiwa na suruali ndefu, na mlinda mlango aliyekuwa mkaanga samaki pale sokoni. Mimi mwenyewe sikuwahi kuujua mpira kwa miguu. Mguu wangu wa kushoto kazi yake ni kukanyaga klachi. Lakini nilisoma, nikatazama mechi za mbali huku nikizisimamisha kila dakika, nikachora mishale kwenye kompyuta, na wale watu wakanivumilia mpaka tukaanza kushinda.

Mke mwenza wa pili ulikuwa muziki wa roki. Ugonjwa huo niliupata chuoni, kwa mwenzangu wa chumba aliyekuwa na kaseti tatu na redio moja mbovu. Kwa Bagamoyo ni ugonjwa wa peke yako. Siku ya kwanza nilipoliunganisha gitaa langu la umeme na spika, jirani alinisalimu asubuhi yake kwa upole kabisa, akaniuliza kama bado tuna mabati mengi ya kukata. Tangu hapo nikawa napiga kwa hedifoni.

Na hizo spika ndizo zilizozaa wa tatu, biashara. Nilizinunua nikiota siku moja nitakusanya watu wanne tupige roki ufukweni. Hao watu wanne sikuwapata. Spika zikaanza kuazimwa kwa harusi, halafu zikakodishwa, zikapiga taarabu, singeli na kaswida, zikapiga kila kitu isipokuwa kile nilichozinunulia. Mshirika wangu katika biashara hiyo alikuwa nahodha wa timu yangu, na habari hii yote ni yake.

Alikuwa fundi wa friji. Wauza samaki wote walimjua, maana ukiwa na friza lililojaa changu na likakata ubaridi, humwiti mwingine. Aliweka kiganja juu ya mashine, akafumba macho, akakwambia tatizo kabla hajafungua skrubu hata moja. Uwanjani alicheza beki wa kati. Umri ulishamtupa mkono na mbio hana, lakini mpira ukija ulimkuta yupo. Siku moja nilimvisha hedifoni asikilize muziki wangu. Nilitarajia acheke. Alisikiliza mpaka mwisho, akazivua, akasema, "Huyu anayepiga besi huko nyuma ndiye nahodha wao. Wengine wanapiga kelele tu." Nilikuwa nausikiliza wimbo ule miaka na miaka, na sikuwahi kuliona hilo.

Mama yake alikuwa wa Lugoba, mkulima, ila kwa mwaka mzima aliishi kwa mwanawe hapa Bagamoyo kwa sababu ya matibabu. Jioni za mazoezi aliletewa kiti pembeni ya uwanja, akakaa na khanga zake mbili, akawa anagomba na washambuliaji: "Mwacheni mwanangu! Mnamsukumia nini?" Mimi alinibatiza jina la mwanangu wa umeme. Hakuwahi kunisalimu bila kuniuliza kama nimekula, na jibu langu hakuliamini hata mara moja. Alipoona anazidi kudhoofika aliomba arudishwe kwao, akakae kwa binti yake. Nahodha akawa anakwenda Lugoba na kurudi, na mazoezini akakosekana mara mbili tatu.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Timu ilikuwa na kundi lake kwenye simu. Nililianzisha mimi, kwa ajili ya ratiba za mazoezi na majina ya watakaocheza. Baada ya miezi miwili ratiba ilikuwa haionekani tena. Kila Ijumaa zilimiminika salamu zenye picha za mawaridi na misikiti. Ustadhi alituma mawaidha ya dakika tisa. Dereva mmoja wa bajaji alituma video ya chatu akimeza mbuzi, na wenzake wakaijadili siku mbili. Mtu alifiwa na shangazi, likaandikwa, na wote thelathini wakaleta pole mmoja mmoja, na yule mfiwa akawajibu mmoja mmoja. Mimi meneja nilikuwa natazama hayo na damu inanichemka. Kazini kwangu ujumbe usio na kazi hauruhusiwi. Jumapili moja nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka kwamba msimamizi peke yake ndiye anayeweza kuandika. Msimamizi ni mimi.

Nahodha alinifuata kesho yake nikiwa nanyonga nyaya za spika.

"Kocha, kundi umelifunga?"

"Nimelipanga."

"Na mtu akiwa na shida yake, ataisemea wapi?"

"Ananitumia mimi. Nikiona ni ya maana, naiweka."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu. Huo ndio utaratibu, nahodha. Watu wengi wakishika usukani gari linakwenda mtaroni."

Kazini nimewafundisha vijana kadhaa kwamba mfumo wowote unaotegemea kitu kimoja tu ni mfumo mbovu, kwa sababu siku kitu hicho kikilala, vyote vimelala. Nimelisema hilo mbele ya mabosi na picha ukutani. Na nilikuwa nalijua vizuri siku ile ninamjibu. Sijui niseme nini zaidi. Kiburi hakitaki elimu.

"Haya, kocha," akasema. "Wewe ndiye mwenye timu." Na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kushika neno, akawaambia na wenzake: kuanzia sasa, mwenye jambo ampelekee kocha.

Jumamosi ya wiki ile niliamka na furaha. Mke wangu alikuwa amekwenda kwa dada yake, nyumba kimya, na kichwani nilikuwa na wimbo wangu mwenyewe ambao nilikuwa nimeuhangaikia tangu mfungo. Nilijifungia kwenye stoo ya spika nyuma ya nyumba ili niurekodi. Simu yangu ndiyo iliyokuwa ya kurekodia. Ilipotimia saa nne nilikuwa nimeshaiegemeza kwenye kopo la misumari, nikiwa tayari kubonyeza, ikaingia taarifa ya ujumbe. Kwenye kioo lilitokea jina la nahodha na maneno mawili ya mwanzo: "Kocha, samahani."

Niliona. Sijawahi kuandika hivi kabla ya leo, na kusema nimesema mara moja tu, kwa kuchelewa: niliona ni yeye. Nikajisemea, huyu anaomba ruhusa ya kukosa mazoezi tena. Nikasema nitasoma baadaye. Kisha, ili asije mtu mwingine akaniharibia wimbo katikati, nikaikata simu mtandao.

Nilipiga gitaa mpaka saa tisa. Nilirudia kipande kimoja labda mara arobaini. Sikula, sikusikia adhana ya Adhuhuri, sikusikia kitu. Nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena, na raha hiyo ndiyo inayonichoma zaidi nikiikumbuka. Halafu nikashtuka muda umekwenda, nikaoga chapuchapu, nikachukua mipira na kompyuta nikaenda uwanjani. Simu nikaitia mfukoni vilevile, haina mtandao.

Saa kumi tulianza mazoezi bila nahodha. Niliwapanga watu kwenye nusu duara, nikafungua jedwali langu la mahudhurio, nikasoma majina. Nilipofika kwake nikasimama.

"Nahodha hayupo. Nani ana habari zake?"

Wakatazamana. Mlinda mlango akasema, "Si wewe ndiye unayepelekewa habari, kocha?"

"Mimi sijaletewa kitu," nikasema. Na nikaendelea, kwa sababu ulimi wangu ukishaanza hauna breki. Nikasema nahodha ni kioo. Nikasema mtu anayetaka heshima ya kitambaa mkononi ajue na kazi yake. Nikasema timu hii haitajengwa na watu wa kuja wanapotaka. Wale watu wakainamisha vichwa. Mwisho nikaandika kwenye jedwali, kwenye mstari wake: hakutoa taarifa.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu nilipoirudisha simu kwenye mtandao, nikiwa nimekaa ndani ya gari, ili niweke ratiba ya Jumatatu. Taarifa za simu zilizonikosa zikaanza kumwagika. Kumi na moja, zote zake. Nikaufungua ule ujumbe wa saa nne. "Kocha, samahani kwa usumbufu. Mama ametutoka alfajiri hii. Tunazika hapa Lugoba baada ya Adhuhuri. Naomba uwaambie wenzangu."

Alisema samahani kwa usumbufu. Mtu amefiwa na mama yake, ananiomba mimi radhi.

Asiyekuwa wa huku kwetu nimweleze. Hatuna mali nyingi ya kugawiana, lakini tunazikana. Katika timu yetu, mzazi wa mchezaji akifa, timu nzima inakwenda na jezi zikiwa ndani ya kanzu, inachimba, inabeba, inafukia. Hakuna aliyeiandika popote, na hakuna aliyewahi kuikosa. Ukimkosa mtu kwenye harusi atakununia wiki moja. Ukimkosa kwenye maziko, mmh.

Niliwapigia mmoja mmoja, kwa aibu. Kesho yake asubuhi, baada ya sala, tuliondoka magari matatu. Njia ya Msata niliiendesha bila kuwasha muziki. Mlinda mlango alikaa pembeni yangu, mikono mapajani. Tulipokaribia Lugoba nikamwuliza kwa nini nahodha hakumpigia mtu mwingine yeyote alipoona mimi sipatikani. Alinitazama kama anayejiuliza kama kweli nataka jibu.

"Alituambia utaratibu ni wewe, kocha. Na yeye yule unamjua."

Msibani tulimkuta amekaa kwenye mkeka na wajomba zake, macho mekundu, kanzu ina udongo pindoni. Alisimama. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na Mungu anajua ningefurahi. Akatupa mkono sote, mmoja baada ya mwingine, kisha akawageukia wazee kwa sauti ya kusikika.

"Wazee wangu, hawa ndio wale niliowaambia. Wenzangu wa Bagamoyo. Gari liliwafia porini jana."

"Shikamooni, wazee," nikasema. "Poleni kwa msiba."

"Marahaba, tumeshapoa," mjomba wake mkubwa akaitikia. "Poleni nanyi kwa njia. Tuliwangoja sana. Huyu bwana alituomba tuahirishe mpaka Alasiri. Nikamwambia, maiti hangojeshwi mtu, mwanangu. Akasema, mjomba, simu ya kocha haipatikani, maana yake wako njiani, kule Msata mtandao haushiki. Basi tukangoja."

Ndipo nilipoelewa. Mama wa watu alilazwa ndani na sanda yake kuanzia Adhuhuri mpaka Alasiri akinisubiri mimi. Na mwanawe alikuwa nje, anatazama barabara, akiamini ukimya wa simu yangu ni ushahidi wa kwamba ninakuja. Wakati wanamteremsha kaburini, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikisema hajatoa taarifa.

Nahodha alinitazama. "Gari limepona, kocha?"

Hapo alikuwa ananisitiri, na alikuwa ananipa nafasi, vyote viwili. Nilikuwa na wazee mbele yangu na wachezaji nyuma yangu, na mdomo ukachagua njia rahisi.

"Limepona," nikasema.

Mchana, baada ya khitima, alinisindikiza hadi kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Tulisoma Fatiha. Kisha akaniuliza, taratibu kama anavyomwuliza mteja friza lilianza lini kutoa mlio.

"Kocha, ujumbe wangu wa asubuhi hukuuona?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza tu. Tulikuwa wawili, hakuna wa kunisikia zaidi ya yule aliyelala pale, aliyekuwa akiniita mwanangu.

"Mtandao," nikasema. "Jana ulisumbua kutwa."

"Ahaa," akasema. "Basi tena. Ndiyo mambo ya mashine."

Tulirudi. Jioni ile ile nililifungua kundi, kila mtu aandike anachotaka. Nililifuta na jedwali. Mawaridi ya Ijumaa yakarudi, mawaidha yakarudi, sikuyachukia tena. Nahodha alimaliza tanga akarudi uwanjani, akacheza msimu uliobaki bila kukosa siku, akaja na kwenye harusi kuunganisha spika kama kawaida. Aliniita kocha kwa heshima ile ile. Ila aliacha kukaa. Zamani kazi ikiisha tulikuwa tunakaa juu ya maboksi ya spika tunakula mihogo na kubishana kuhusu mpira. Sasa kazi ikiisha, aliaga. Nilipomletea wimbo mpya ausikilize alisema masikio yamechoka na makompresa. Msimu ulipokwisha akasema magoti hayamwezi tena, akamkabidhi ustadhi kitambaa. Na kwa biashara akanitafutia fundi mwingine, kijana mzuri tu, akamfundisha kila kitu kabla hajajitoa. Hakuniacha na pengo lolote ambalo ningeweza kulilalamikia.

Mimi nilikuwa naahirisha. Kila wiki nilisema nitakwenda kwenye karakana yake nimwambie. Nilifika mara moja mpaka mlangoni, nikajikuta namwuliza bei ya gesi ya friji.

Mwaka huu kaka yangu mkubwa alifariki, hapa hapa mjini, alfajiri. Nilikuwa sijamjulisha mtu yeyote nje ya familia. Nilipotoka uani saa moja na robo nikamkuta nahodha amesimama pale, na timu nzima, wapya na wa zamani, majembe na machepe mabegani. Walikuwa wameshaulizana tuliko na eneo letu makaburini. Alichimba yeye. Alishuka yeye kuusawazisha kwa mikono mwanandani, pale pa kumlaza maiti, na jeneza lilipokaribia alitoka kulipokea, akabeba mbele upande wa kulia, mtu mwenye magoti mabovu. Mimi nililia, na kilio changu hakikuwa cha kaka yangu peke yake.

Watu walipoanza kuondoka alibaki anakusanya vifaa vya msikiti. Nikamfuata.

"Nahodha," nikasema, "siku ile ya mama, ujumbe wako niliuona."

Aliendelea kukwangua udongo kwenye chepe kwa kidole gumba.

"Najua ulifika, kocha. Saa nne simu yangu ilionyesha umefika. Huo mtandao ulipotea baadaye."

"Kwa hiyo pale kaburini ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza," akasema.

Aliyahesabu majembe, yalipotimia akayafunga kwa kamba, halafu akaninyooshea mkono wenye udongo wa kaburi la kaka yangu.

"Ungesema siku ile ningekupigia kelele mbele ya mama, tukalia wote, ikaisha," akasema. "Sasa nimeshazoea kukaa bila wewe. Pole sana kwa msiba."

Nilimwomba abaki ale, wali ulikuwa umeshapakuliwa. Akasema kuna friji la mtu linamngoja.